Kabla Yuniti Haijatoka Kiwandani: Kwa Wewe Unayeanza Kazi ya Majengo ya Kuunganisha

Yuniti ya kwanza ilikuwa inaning'inia kwenye kreni, mita moja hivi juu ya msingi, vijana wanne wameshika kamba za kuiongoza, ndipo nikasikia sauti ya fundi aliyekuwa upande wa pili: "Shusha taratibu… taratibu… simama hapo. Haiingii."

Tulikuwa mkoani Mtwara, kwenye kazi ya zahanati ya vyumba vinane vilivyotengenezwa kiwandani Dar es Salaam, kila chumba kizima kikiwa yuniti moja. Msingi ulimwagwa na kikundi kingine wiki tano kabla yetu. Bolti zilizoachwa zimesimama kwenye zege, zile ambazo pleti, bamba la chuma la chini ya yuniti, inatakiwa kuzivaa, zilikaa milimita 22 nje ya mahali pake. Tundu la pleti lilikuwa na uwazi wa milimita 6 tu. Kreni imekodiwa kwa siku. Lobedi mbili, yale matrela ya chini ya kubebea mizigo mikubwa, zimepaki barabarani zikingoja zamu. Wingu limefunga upande wa bahari, na tani sita na nusu za chuma, mbao na vioo zinazunguka polepole hewani.

Tukairudisha juu ya lori. Ilituchukua siku tatu kukata zile bolti, kutoboa zege upya na kupandikiza bolti nyingine kwa gundi ya kemikali, na ndani ya siku hizo tatu mvua ilinyesha mara mbili. Maturubai yalikuwa yameshachanika njiani. Dari za jipsamu za yuniti mbili zikavimba, ikabidi zing'olewe zote na kufungwa upya, kazi ya kiwandani ikafanyiwa saiti, kwenye tope.

Mimi nilianza kama saidia fundi Tanga, kubeba tofali na kuchanganya zege. Baadaye nikaenda Qatar miaka mitatu kufunga makambi ya wafanyakazi, na tangu niliporudi nyumbani sijafanya kazi nyingine zaidi ya hii. Jambo ninalotaka ulishike ni moja, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo: chumba kinachotengenezwa kiwandani kwa kawaida hutoka kizuri, jengo huharibikia kwenye maungio. Pale yuniti inapokutana na ardhi, pale inapogusana na jirani yake, pale bomba la chumba hiki linapolipokea la chumba kile. Ukiwa mgeni kwenye kazi hii macho yako yatavutwa na chumba chenyewe, rangi, vigae, madirisha. Jizoeze kuangalia kingo zake.

Ukijenga kwa tofali, nyumba inakusamehe. Kozi moja ikipinda, inayofuata unaivuta. Ukuta ukitoka tumbo, plasta inaficha. Uwazi wa mlango ukizidi, fremu unaipima baadaye. Huku kwetu fremu imeshafungwa, kioo kimeshawekwa, nyaya zimeshapita ukutani na swichi zimeshakazwa kabla yuniti haijaiona ardhi itakayoikalia. Muda tunaouokoa unatokana na hilo: kikundi kimoja kinachimba msingi Mtwara siku ileile ambayo kingine kinapaka rangi Dar es Salaam. Hatari nayo inatoka hapohapo, maana vikundi viwili visivyoonana vinatengeneza vitu viwili vitakavyotakiwa kuvaana kwa milimita.

Najua wengi wenu mlivutwa na zile video za hospitali ya Huoshenshan kule Wuhan, China, iliyosimamishwa kwa takriban siku kumi mwanzoni mwa mwaka 2020, vitanda 1,000. Ziangalieni tena kwa makini. Siku za mwanzo hakuna chumba hata kimoja kinachoonekana. Ni mitambo inasawazisha ardhi, ni utando wa kuzuia maji machafu yasizame ardhini unatandazwa, ni zege linamwagwa. Masanduku yalikuja baadaye, yakakuta mahali pa kukaa.

Basi tuanze na kupima, na hapa nitakaa sana.

Msingi wowote utakaokabidhiwa, upime kona kwa kona kabla ya kupima kitu kingine. Chukua msingi wa yuniti ya mita 6 kwa mita 3. Kona kwa kona unatakiwa upate mita 6.708, na ukihamia kona mbili nyingine upate hiyohiyo. Pande zote nne zinaweza kuwa sahihi kabisa na bado umbo likawa limelala, kama kitanda cha kamba kilicholegea miguu. Mafundi wa zamani hupata kona ya mraba kwa tatu-nne-tano, na hesabu hiyo haijawahi kudanganya mtu. Itumie, ila itumie kwa namba kubwa, sita-nane-kumi au tisa-kumi na mbili-kumi na tano, kwa sababu kosa dogo kwenye pembetatu ndogo linakua ukiivuta kamba hadi mita ishirini.

Halafu kuna tepu yenyewe. Tepu ya kiwandani na tepu ya saiti ziwekwe pamoja, zinyooshwe sambamba, zilinganishwe. Hili watu hulipuuza, na mimi nimeshakuta tepu mbili zilizopishana milimita 4 kwenye mita kumi, moja ikiwa kulabu yake ya mbele imelegea kwa kuangushwa. Tena tepu ya chuma hurefuka kwa joto. Chuma huongezeka takriban milimita 12 kwa kila mita elfu moja kwa kila nyuzi moja ya selsiasi. Inasikika kama kitu kidogo mpaka uhesabu: tepu ya mita 30 iliyosawazishwa kwa nyuzi 20, ikilala juani Mtwara saa saba mchana hadi kufika nyuzi 40, imeshakudanganya milimita 7. Uwazi wetu ulikuwa milimita 6, utakumbuka. Vipimo vya bolti tunavichukua asubuhi mapema, kabla jua halijashika.

Pima kila kitu kutoka nukta moja. Yuniti nane zikiwa mstari mmoja, ukapima kila moja kuanzia kwa jirani yake na kila mara ukakosea milimita 3 upande uleule, ya nane itakaa milimita 21 nje. Kila mmoja aliyepima ataapa kwamba kosa lake lilikuwa dogo, na atakuwa anasema kweli. Chagua kona moja, piga msumari kwenye kigingi cha zege kisichoguswa na mtu, na kila namba ianzie hapo: 3.000, 6.000, 9.000, kwenda mbele.

Kuhusu usawa wa juu na chini, kama mna mashine ya levo, vizuri. Kama hamna, usidharau mpira wa maji. Mpira wa uwazi uliotolewa mapovu yote ya hewa, ambao haujalala nusu juani na nusu kivulini, utakupa usawa wa kuaminika kutoka kona hadi kona. Povu moja dogo lililokwama katikati ya mpira ndilo linaloharibu. Ushike juu, uugonge kwa kidole, ulione likipanda.

Sasa bolti za Mtwara zilisogeaje? Niliuliza, na jibu lilikuwa la kawaida kabisa. Zilifungwa kwa waya wa kufungia nondo, zikapimwa, zikawa sahihi. Kisha likaja zege, ikaja vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikamane, na vaibreta ikazisukuma. Hakuna aliyerudi kupima zege likiwa bado bichi. Dawa yake ni kalibu: kipande cha bati nene chenye matundu yaleyale ya pleti ya yuniti, kilichotobolewa kiwandani kwa mashine ileile iliyotoboa pleti zenyewe, siyo kilichokatwa saiti kwa kukadiria. Bolti zinakaa ndani ya kalibu tangu kabla ya kumwaga hadi zege lishike. Unapima kabla, unapima likiwa bichi wakati bado unaweza kusukuma kwa mkono, na unapima likishakauka. Vile vipimo vya mwisho, vya msingi uliokauka, viandikwe, visainiwe na mtu mwenye jina, vifike kiwandani kabla yuniti ya kwanza haijapakiwa. Siku hizi sipakii bila karatasi hiyo. Nimeshagombana na wakubwa zangu kwa ajili yake na nitagombana tena.

Ukienda Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, angalia vyumba vya nyumba za zamani. Ni virefu na vyembamba. Upana wake ulikatwa na boriti za mikoko, maana boriti nzuri hubeba dari kwa mita mbili na nusu, tatu hivi, haizidi sana. Msitu uliamua chumba kiwe cha upana gani. Sisi upana wetu unaamuliwa na barabara na lori. Na makuti tunayoezekea Pwani nayo hushonwa huko nyumbani kwa mtu, yakahesabiwa, yakabebwa, yakaja kufungwa juu ya paa mstari kwa mstari, na kila fundi wa makuti anajua kwamba paa huvuja pale kuti linapolalia kuti kwa uchache. Nayasema haya kwa sababu vijana wengi huja wakidhani kazi hii ni ngeni kwetu na kwamba hawana pa kuishika. Mnapo.

Kiwandani nenda mwenyewe, hasa yuniti ya kwanza ya kila aina inapomalizika. Mia moja zinazofuata zitatoka kwenye jigi ileile, yaani fremu ya kuundia, kwa hiyo kosa la ya kwanza lina nakala mia moja. Pima kona kwa kona sakafuni, na darini pia. Fungua na kufunga kila mlango. Tafuta pointi za kunyanyulia, uone zimechomelewa kwenye fremu kuu na si kwenye chuma chembamba cha ukutani. Angalia namba: kila yuniti iandikwe namba yake nje na ndani, pamoja na mshale wa upande unaotazama barabara. Yuniti ya kushoto na ya kulia hufanana mno zikiwa zimefunikwa turubai, na ukishaiweka ya kushoto mahali pa ya kulia utagundua pale bomba la maji machafu linapotazama ukuta.

Wengine mtaanza na makontena yaliyotumika melini, maana ndiyo rahisi kupata kuanzia Mombasa hadi Kigali. Ni shule nzuri. Qatar niliuona Uwanja wa 974 pale Doha, ule wa Kombe la Dunia la 2022, umesimamishwa kwa fremu za chuma na makontena 974, umetengenezwa ili uje kufunguliwa. Lakini kontena lina tabia zake. Nguvu yake iko kwenye nguzo nne za pembeni na zile pembe za chuma nzito. Ubavuni ni bati la mawimbi ambalo nalo linasaidia kubeba. Ukikata ubavu mzima kupata sebule pana bila kuweka boriti na nguzo za kurudisha nguvu iliyotolewa, paa litainama mbele ya macho yako. Sakafu yake ya mbao mara nyingi imetiwa dawa za kuua wadudu, basi usiache watu walale juu yake bila kuiondoa au kuifunika kabisa. Na kuna hesabu moja huwakamata wageni kila mara. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.058, la futi 40 mita 12.192. Mawili ya 20 hayafikii moja la 40: yanapungua milimita 76. Ukitaka kupandisha la 40 juu ya mawili ya 20, acha uwazi wa milimita 76 katikati, la sivyo pembe za juu hazitakaa juu ya pembe za chini, na mzigo utalalia bati.

Barabarani sitakaa sana, ila mambo mawili. Yuniti ya upana wa mita 3 ni mzigo usio wa kawaida, unahitaji kibali, na kibali kina saa za kusafiri na masharti yake. Anza kukitafuta mapema kuliko unavyodhani, na mtu wa kampuni aipite njia yenyewe kwa gari dogo akiwa na tepu na daftari: madaraja, nyaya za umeme zilizolegea, kona za kuingia kijijini, miembe. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560, na njia hiyo hukatika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakalala. Mwenye yuniti juu ya lobedi siku kama hiyo ana nyumba iliyokaa mvuani bila msingi.

La pili ni mtikisiko. Yuniti imetengenezwa kukaa, siyo kusafiri, na safari inaitikisa kuliko itakavyotikiswa katika maisha yake yote iliyobaki. Vyuma vya mshazari vinavyofungwa milangoni na kwenye upande ulio wazi visifunguliwe mpaka yuniti ikae juu ya msingi na kukazwa. Nimemwona kijana mwenye bidii akivifungua juu ya lori ili kuokoa muda. Iliponyanyuliwa, mlango ukajibana, kioo kikapasuka.

Kunyanyua sasa, na hapa nakuomba usome polepole kwa sababu ndipo watu hufa. Mnyororo au kamba ya chuma haibebi uzito wa mzigo tu, inabeba kulingana na jinsi ilivyolala. Kamba mbili zikisimama nyuzi 60 kutoka ulalo wa mzigo, kila moja inabeba kama asilimia 58 ya uzito. Zikilala hadi nyuzi 45, asilimia 71. Zikilala hadi nyuzi 30, kila moja inabeba uzito wote, asilimia 100. Yuniti yetu ya tani sita na nusu, kwa kamba fupi zilizolala hivyo, inataka kamba ambayo kila mguu unaweza tani sita na nusu, na juu ya hapo inaibana fremu kutoka pembeni kama mtu anayekunja karatasi. Ndiyo maana tunatumia boriti ya kunyanyulia, ili kamba zishuke wima. Na usijidanganye kwamba kwa kuwa kuna miguu minne mzigo umegawanyika kwa nne. Sanduku gumu mara nyingi hulalia kamba mbili, nyingine zimelegea. Hesabu kwa mbili.

Kreni ya tani 50 hubeba tani 50 ikiwa mkono umesimama karibu kabisa na mwili wake. Mkono ukinyooka mita ishirini kutafuta msingi wa mbali, uwezo unashuka hadi tani chache. Jedwali limo ndani ya kibanda cha opareta. Mwombe mkalisome pamoja. Opareta mzuri atafurahi, na anayekasirika kuulizwa, usimnyanyulishe. Mtoa ishara awe mmoja, na kila mtu amjue kwa sura. Hakuna anayepita chini, hata kwa hatua mbili, hata kuokota spana.

Ukishaiketisha yuniti, kazi ngumu ndiyo imeanza, ingawa kwa mtu wa nje inaonekana imekwisha.

Kati ya yuniti mbili kuna uwazi. Pale ndipo maji hupita, moto hupita, sauti hupita, panya hupita. Paa la bati linaweza kuwa nyuzi 22 alfajiri na kufika 60 mchana. Yuniti nne za mita 12 zilizofungwa mstari mmoja ni mita 48 za chuma, na kwa tofauti hiyo ya joto paa lake linataka kurefuka milimita 20 na ushee. Kila siku linakwenda, kila usiku linarudi. Ukiziba uwazi huo kwa silikoni peke yake, itashika msimu mmoja, kisha itachanika upande mmoja kama mdomo uliokauka. Bati la kufunikia liwe na mkunjo unaocheza, lifungwe upande mmoja na upande wa pili lielee, na silanti iwe msaidizi wake. Ndani ya uwazi tia pamba ya mawe isiyoshika moto, kuanzia chini hadi juu na kwenye kila ghorofa. Bila hiyo, moto ukianza chumba cha kwanza unapanda nyuma ya kuta kama ndani ya bomba la moshi, watu wa chumba cha sita hawaoni kitu mpaka ukuta unaiva.

Nataka ujue habari ya Ronan Point. Lilikuwa jengo la ghorofa 22 lililosimamishwa London mashariki kwa paneli kubwa za zege zilizotengenezwa kiwandani. Lilikuwa na miezi miwili tu tangu lifunguliwe. Alfajiri ya tarehe 16 Mei 1968 gesi ililipuka jikoni kwenye ghorofa ya 18. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa, ila ulisukuma nje paneli ya ukuta iliyokuwa inabeba za juu yake. Za juu zikaanguka, uzito wake ukaziponda za chini, na kona nzima ya jengo ikateremka. Watu wanne walifariki. Uingereza ikabadilisha kanuni zake ili jengo likipoteza kipande kimoja lisiporomoke lote. Kona ilijengwa upya, watu wakarudi kuishi. Lakini lilipokuja kubomolewa kuanzia 1986, na safari hii likafunguliwa ghorofa kwa ghorofa ili watu waone, baadhi ya maungio yaliyotakiwa kujazwa mota yalikutwa na uwazi, yamesokomezwa magazeti. Paneli zenyewe zilikuwa nzima. Kuna mtu, siku moja, alikuwa na kiungo cha kujaza, mota haikutosha au saa ya kutoka ilifika, akachukua gazeti.

Ninapowaza kazi yetu, ninamwaza mtu yule. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa cheo kama chako wewe unayeanza, ameachwa peke yake na kiungo ambacho baada ya dakika kumi kingefunikwa na kisionekane tena. Kwa hiyo kwenye saiti yangu kiungo hakifunikwi kabla ya kupigwa picha ikiwa na namba ya kiungo na tarehe kwenye kipande cha kadibodi. Bolti zinakazwa kwa spana inayopima nguvu ya kukaza, kisha zinapigwa mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye pleti, na mstari ukija kukatika siku za mbele tunajua nati imezunguka. Mabomba yanajazwa maji kwa presha na kuachwa usiku kucha kabla ya kufunga kifuniko.

Na kila yuniti ya chuma iungwe na waya wa athi, moja hadi nyingine, hadi ardhini, wapime kwa mashine. Waya mmoja ukichubuka nyuma ya ukuta, yuniti isiyo na athi inageuka yote kuwa umeme, kuanzia kitasa cha mlango. Hii usikubali kuambiwa itafanyika kesho wakati watu wanahamia leo.

Kiungo kizuri pia kinafikika. Tokyo kulikuwa na Nakagin, mnara wa mwaka 1972 uliochorwa na Kisho Kurokawa, vyumba 140 vya kiwandani vilivyoshikizwa kwenye nguzo mbili kuu za zege, kila kimoja kwa bolti nne. Nia ilikuwa vyumba vibadilishwe baada ya kama miaka 25. Hakuna hata kimoja kilichobadilishwa. Vilibanana kiasi kwamba kukitoa kimoja ilibidi uguse vya juu yake, mabomba yakaoza mahali ambapo mkono haufiki, na mwaka 2022 mnara ukabomolewa. Kila unapoweka bomba, jiulize spana itaingia vipi miaka kumi ijayo, na mkono wa nani.

Mengine utayapata kazini. Jifunze kusoma mchoro vizuri, hata kama umeajiriwa kubeba. Kaa karibu na wachomeleaji na riga, wale wanaofunga mizigo ya kreni, ni watu wanaojua mambo mengi wasiyoyaandika. Usimdharau fundi wa tofali aliyeletwa kumwaga msingi wako. Mweleze kwa nini unataka milimita, maana maisha yake yote ameombwa sentimita, na hakuna aliyewahi kukaa naye akamwonyesha pleti yenye tundu la kucheza milimita 6. Yule aliyemwaga msingi wa Mtwara nilimwonyesha. Aliishika ile pleti kwa muda mrefu, akaingiza bolti, akaizungusha tunduni, akasema, "Sasa mngeniletea hii kabla." Alikuwa na haki. Kazi iliyofuata tulimwita yeye, na kalibu ikamfikia siku kumi kabla ya zege.

Machi iliyopita nilipita tena pale zahanati, mvua za mwisho mwisho zikiendelea. Mama mmoja alikuwa kibarazani na mtoto mgongoni, anangoja zamu ya chanjo. Niliomba ngazi, nikapanda, nikafungua bati la kufunikia kati ya yuniti ya nne na ya tano, lile lililotusumbua kuliko yote. Nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Pamba ilikuwa kavu.